Kila janga na muda wake

Picha huingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kama saa kumi jioni: ramani ya Tanzania kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), mikoa ya pwani imepakwa njano, pembeni maandishi madogo. Wa kwanza kujibu ni kijana wa bodaboda: “Hao TMA wakisema mvua, we toka na miwani ya jua.” Vicheko. Mama mmoja anauliza kama kesho afue au aache. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaandika, “Ndugu wananchi, tuzibue mitaro,” na kabla hajajibiwa mazungumzo yameshahamia kwenye mchango wa msiba.

Nimeyaona haya miaka nenda miaka rudi, na kwa muda mrefu nilidhani shida yetu ni ubishi tu. Sasa naona shida iko kwingine. Kimbunga, mafuriko, maporomoko, tetemeko na ukame tumevitia vyote kwenye kapu moja tukaliita “majanga ya asili”, halafu tunategemea tangazo moja, semina moja na mwenyekiti yule yule vitutoshe kwa vyote. Ukiviuliza swali moja tu, unanipa muda gani, kila kimoja kinajibu lake. Kimbunga hukupa siku. Mto hukupa saa chache. Mlima hukupa dakika ukibahatika, na tetemeko halikupi kitu. Ukame unakupa miezi, na huo ndio muda ambao, kwa maoni yangu, tunauchezea kuliko mwingine wote.

Kabla sijaenda mbali, kuna maneno mawili ambayo kwenye habari huchanganywa kila siku. Kwa wanaofanya kazi hii, janga ni lile tukio lenyewe linaloweza kudhuru: mvua kubwa, upepo, mtikisiko wa ardhi. Maafa ni kile kinachotokea janga likikuta watu wamekaa pabaya, wamejenga vibaya au hawana habari. Milimita 80 za mvua zikinyesha katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hiyo ni mvua tu, na viboko watafurahi. Zikinyesha Dar es Salaam, kuna mtu atatafutwa Mto Msimbazi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2022 inaitwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa. Mvua haina msimamizi. Sheria hiyo inashusha kazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu hadi kamati za mkoa, wilaya, kata, na mwisho kabisa kijiji au mtaa. Zanzibar wana Kamisheni yao ya Kukabiliana na Maafa. Kwa hiyo kisheria yule mwenyekiti wa mitaro si mtu wa pembeni, ni sehemu ya mfumo. Kama anajua hivyo au hajui, muulize wa kwenu.

Sasa turudi kwenye ile ramani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina ngazi tatu za kuonya: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi tunazisoma kama kipimo cha ukubwa wa mvua, na hapo ndipo tunapopotea. Kwenye taarifa hiyo kuna mambo mawili ambayo watu huyaruka: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari likitokea. Kila moja lina daraja lake, na rangi huzaliwa na mchanganyiko wa yote mawili. Hivyo njano inaweza kuwa jambo dogo ambalo karibu hakika litatokea, au jambo zito ambalo huenda lisitokee. Kijana wetu wa bodaboda, anayeapa kuwa hawa watu ni waongo, pengine amekutana na njano za aina ya pili mara tatu mfululizo, zote zikapita pembeni. Hakudanganywa, ila hakuna aliyemwambia kuwa ulikuwa uwezekano tu.

Na hiyo “mvua kubwa” inayotajwa ina kipimo: zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Haisikiki kuwa nyingi. Lakini milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la nyumba ya kawaida, tuseme mita 80 za mraba, litamwaga lita 4,000, yaani madumu 200 ya lita ishirini ishirini. Zidisha kwa nyumba za Manzese au Tandale, ambako bati la huyu linagusa bati la yule, halafu tazama ule mtaro wa futi moja uliojaa chupa za maji na nepi.

Nianze na kimbunga, kwa kuwa ndicho chenye adabu kuliko wote: kinapiga hodi. Kimbunga hulelewa na bahari yenye joto, kuanzia nyuzi 26 na nusu hivi, na huhitaji mzunguko wa dunia ukizungushe. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni dhaifu, na Tanzania imelala kati ya nyuzi 1 na 12 kusini. Zaidi ya hapo, Madagaska imejilaza baharini kama ukuta, inapokea mapigo mengi kwa niaba yetu. Ndiyo maana mzee wa Kilwa atakusomea pepo za kusi na kaskazi kama anavyosoma kiganja chake, lakini kimbunga atakwambia ni habari za Msumbiji.

Ila nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, vikiwemo vya Sultani Barghash. Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Ukipita Wete msimu wa mavuno na kusikia ile harufu barabarani, kumbuka kuna upepo wa siku moja nyuma yake. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi.

Kisha Aprili 2019 kikaja Kenneth. Mtwara ikatangaziwa hatari, watu wakatakiwa kuhamia mahali salama, kimbunga kikakata kona na kupiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Upande wetu ilibaki kazi ya kurudisha magodoro nyumbani. Si ajabu kama kuna walionung'unika kuwa wametishwa bure. Ukitazama ramani ya njia yake, kiliikosa Mtwara kwa mwendo ambao basi huumaliza asubuhi moja.

Miaka mitano baadaye, Mei 2024, kikaja Hidaya. Jina lenyewe ni kejeli, maana hidaya ni zawadi. (Hakuna aliyetukusudia. Majina ya vimbunga vya upande huu wa bahari hufuata alfabeti: kabla yake kulikuwa na Gamane, baada yake kikaja Ialy.) Taarifa zilitoka siku kadhaa kabla, zikarudiwa na kurudiwa, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Tarehe 4, siku ya Jumamosi, kimbunga kikaifikia Mafia na kupungua nguvu. Upepo ulikuwa umeahidi zaidi ya ulichofanya, lakini mvua yake haikupungua: barabara ya kusini ikakatika Somanga, wilayani Kilwa, na magari ya Lindi na Mtwara yakakwama siku kadhaa. Hilo ndilo fundisho ambalo picha za upepo huficha. Mara nyingi kimbunga hudhuru kwa maji, tena baada ya watu kupumua na kusema kimepita.

Mvuvi mwenye siku tatu mkononi hahitaji semina. Mashine inafunguliwa na kubebwa begani hadi ndani, nyavu zinakunjwa, mtumbwi unavutwa juu, kupita mstari wa takataka ulioachwa na bamvua ya mwisho (yale maji makuu ya mwezi mpya au mpevu), kisha unafungwa kwenye mnazi. Mnazi uliokauka jirani na nyumba unakatwa mapema. Mabati yanaongezewa misumari. Haya watu wa pwani wanayajua. Wasichokuwa na uhakika nacho ni swali dogo la kiutawala: tukiambiwa tuhamie kwenye jengo imara, ni lipi? Mara nyingi ni shule. Na ufunguo wa darasa, Jumamosi usiku, uko kwa nani? Kijiji ambacho kamati yake ina jibu la swali hilo kimejiandaa kuliko kijiji chenye mpango wa kurasa arobaini kabatini.

Kuna siku bahari ilitupa muda na tukaupoteza. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika Sumatra, Indonesia, saa kumi alfajiri kwa saa za kwetu. Mawimbi ya tsunami yalihitaji saa nane hivi kuvuka Bahari ya Hindi. Yalipofika ilikuwa mchana wa Jumapili, watu wako ufukweni. Upande wa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea. Kenya, habari zilipofika kutoka Asia, polisi waliwatoa watu kwenye fukwe za Mombasa, na nchi nzima ikampoteza mtu mmoja. Bahari ni ile ile na saa ni zile zile. Tofauti ilikuwa wenye mamlaka kusikia habari na kuchukua hatua.

Mto una haraka zaidi. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka 1954: kiasi cha milimita 156 kwa siku moja. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi mabondeni, na neno “mabondeni” tangu hapo limekuwa kama kabila. Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baadhi walikaa. Wengine walirudi, na ukitaka kujua kwa nini usianze na hoja ya ukaidi. Piga hesabu ya nauli. Mama anayenunua ndizi Mabibo na kuziuza Kariakoo anatoka Kigogo kwa miguu. Kutoka Mabwepande, faida yote inaishia kwenye daladala. Bonde linamuua mara moja kwa miaka kadhaa. Umbali unamuua kila asubuhi. Simtetei, naeleza tu hesabu anayoipiga.

Msimbazi wenyewe una tabia mbili ambazo mwenyeji anazijua na mgeni hazijui. Ya kwanza: maji yake hutoka vilima vya Pugu na Kisarawe. Huku mjini, Jangwani, pakiwa pakavu kabisa, na jua limewaka, mto unaweza kupanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha huko juu. Kwa mkazi wa Kigogo, mtu wa maana kuliko mtangazaji wa redio ni shemeji yake aliyeko Pugu. Ya pili: chini, karibu na Daraja la Salenda, mto unakutana na bahari. Bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, maji ya mto hayana pa kwenda; yanarudi nyuma na kusambaa. Mvua ile ile ikinyesha maji yamekupwa, unaweza kulala usingizi. Kwa hiyo mtu wa mabondeni anayejua mwezi uko siku ya ngapi anajua jambo ambalo ile ramani ya njano haimwambii.

Ingia kwenye nyumba moja ya huko uone maandalizi yalivyo. Mlangoni kuna ukuta wa tofali unaofika magotini. Unauruka ndipo uingie, na wageni wote hujikwaa mara ya kwanza. Soketi za umeme ziko juu, usawa wa kifua. Kitanda kimenyanyuliwa kwa tofali. Vyeti vya shule, kadi ya kliniki na hati ya mauziano ya kiwanja viko ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, na mfuko unaning'inia kwenye msumari chini ya dari. Ukutani kuna mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, na mwenye nyumba anaweza kukutajia mwaka wa kila mstari kama mtu anayeonyesha picha za familia.

Ujuzi huo ulikuja kutumika. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe, kuchora nyumba, mitaro na vichochoro ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Walipotaka kujua maji hufika kina gani, hawakuleta mitambo. Waliwaomba wenyeji waonyeshe kwenye miili yao: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Majibu hayo yakageuzwa kuwa ramani ya kina cha mafuriko. Napenda sana njia hii, kwa kuwa ilianza kwa kuamini kwamba mtu aliyesimama ndani ya maji amepima kitu.

Sasa hivi bonde lenyewe linafanyiwa kazi kubwa, kupitia mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022: watu kulipwa fidia na kuondoka, daraja refu Jangwani, mto kupewa nafasi yake. Tutaona. Lakini hakuna daraja litakalomzuia jirani anayetapisha choo mvua ikianza, ili maji ya barabarani yamsaidie kazi ya gari la maji taka. Kila mtu mtaani anajua nani hufanya hivyo, na hakuna anayemtaja kwenye kikao. Kipindupindu kikija, tunailaumu mvua.

Usidhani pia hadithi hii ni ya Dar es Salaam peke yake. Mwishoni mwa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule, zilizopewa nguvu na El Niño, zimeshaua watu 155 na kuathiri watu zaidi ya laki mbili nchini. Rufiji ilikuwa chini ya maji. Kilosa, wao walishayaona yao miaka ya 2009 na 2010, mto ulipovunja kingo na kuichukua hadi reli.

Hanang ni habari nyingine, na inanisumbua hadi leo. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wataalamu walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikazidiwa uzito, ikameguka na kugeuka tope. Hanang ni volkano ya zamani, na udongo na miamba ya namna hiyo huwa na uchovu usioonekana kwa nje.

Hapa ile ramani ya rangi inafika mwisho wa uwezo wake. Mvua ilikuwa imetabiriwa: tangu Agosti mwaka ule utabiri wa vuli ulisema mvua zitakuwa nyingi. Kwamba mlima utatembea hakuna aliyesema, kwa sababu hiyo ni elimu nyingine, ya miamba, na mlima ule haukuwa na mlinzi. Kwa janga la aina hii muda wako ni dakika, na dalili zake hazitoki mjini, zinatoka mlimani. Kijito kilichokuwa kimejaa kinapungua ghafla huku mvua bado inanyesha, maana yake kuna kitu kimekiziba juu. Maji yanabadilika rangi na kuleta udongo ambao si wa kawaida. Miti inainama, nyufa zinatokea kwenye mteremko, unasikia mngurumo usioisha kama wa lori linalopanda. Mchungaji wa mbuzi ataziona dalili hizo kabla ya ofisa yeyote. Swali ni kama anajua ni dalili, na kama ana namba ya mtu wa kumpigia atakayemwamini. Waliopoteza makazi walijengewa nyumba mpya eneo la Waret, jambo jema. Vijito vya mlima navyo viko pale pale, na ardhi ya kando yake ni nzuri kwa mboga.

Tetemeko halina dakika. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, Bukoba ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakaumia, nyumba nyingi zikaanguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibiwa vibaya hadi kufungwa. Wengi walishangaa: tetemeko Kagera? Lakini mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa unapita jirani, na mkono huo huo ndio uliotikisa eneo la Ziwa Tanganyika Desemba 1910, kwa tetemeko linalohesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika ya karne iliyopita, lenye ukubwa wa zaidi ya 7.

Kwenye tetemeko maandalizi yote hufanyika kabla, na hufanywa na fundi. Ardhi ikitikisika haiui mtu aliyesimama shambani kwake kwenye migomba. Ukuta ndio unaoua. Nyumba nyingi zilizoanguka zilijengwa kwa tofali za udongo au za kuchoma, zikaunganishwa kwa tope, kuta nne kila mmoja ukisimama kivyake. Mtikisiko unauvuta ukuta huku, jirani yake kule, na pembe zinaachana. Dawa yake si siri wala si ya matajiri pekee: mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, kama mkanda wa suruali, ili kuta zitikisike pamoja. Tatizo ni kwamba mkanda huo hauonekani nyumba ikishapigwa plasta. Mwenye nyumba anayebana bajeti ataukata huo kabla ya kukata vigae, na fundi hatagombana na anayemlipa. Mgeni akija atasifu vigae.

Kuna volkano pia, Ol Doinyo Lengai kule Ngorongoro, iliyolipuka mwaka 2007 na 2008 ikamwaga majivu kwenye malisho ya Wamasai. Hiyo hutanguliwa na mitetemo, na wafugaji huhama na mifugo yao kabla hawajaambiwa, kwa hiyo sitakaa hapo.

Nimeuacha ukame mwishoni kwa makusudi. Ukame hauna picha. Hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema ulianza leo. Unakupa Novemba usubiri, Desemba useme pengine mvua zimechelewa, Januari upande mara ya pili mbegu uliyokopa. Mikoa ya kati ina mvua moja kwa mwaka, ile ya msimu, kati ya Novemba na Aprili; ikikosekana hakuna vuli wala masika ya kukufuta machozi.

Wagogo waliziwekea njaa majina, na jina lililobaki masikioni kuliko mengine ni Mtunya, njaa ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na iliyofuata. Mvua ilikosekana, ndiyo. Lakini kabla ya mvua kukosekana, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamepita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta ghala limeshafagiliwa. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa tofauti ya janga na maafa.

Na wazee hao hawakukaa kungoja. Usukumani kuna ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza, nyasi zikaachwa zikue, na halifunguliwi mpaka kiangazi kikali. Kila familia au kijiji na lake. Ni benki, ila amana yake ni nyasi. Miti ilipofyekwa kwa ajili ya pamba na kupambana na mbung'o, ngitili zikakaribia kufa. Mkoa wa Shinyanga ukawa unaitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara walilofanya ni kurudi kwenye cha zamani. Waliwauliza Wasukuma walikuwa wakifanyaje. Katika muda wa miaka kumi na tano hivi ngitili zilifufuka hadi kupita hekta 300,000, na pamoja na nyasi zikarudi kuni, dawa na asali.

Jikoni nako kuna maandalizi yake, na hapa naomba radhi kwa wapenzi wa ugali mweupe, nikiwemo mimi. Mtama na uwele huvumilia ukame ambao mahindi hayavumilii. Dodoma na Singida wanajua hivyo tangu enzi na enzi. Lakini mtama unaliwa na ndege, mtoto hana muda wa kwenda kuamia shamba kwa sababu yuko shule, sokoni bei iko kwenye mahindi, na ugali wa mtama umeitwa chakula cha njaa hadi watoto wanauonea aibu. Ofisa ugani anaposema “limeni mtama,” mkulima anasikia sentensi nzima ambayo ofisa hakuisema. Wanaofanikiwa ni wanaogawa shamba: mahindi kiasi kwa matumaini, mtama kiasi kwa mashaka, na mihogo kona moja ambayo haiguswi. Na wanaohifadhi. Zamani kihenge kilichosilibwa kwa udongo na samadi. Siku hizi mfuko wa kinga njaa, wenye tabaka za ndani zisizopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote. Gunia moja lililopita salama hadi Februari lina thamani kuliko magunia matatu yaliyouzwa Julai kwa bei ya kutupa ili kulipa ada.

Ramani ya ukame nayo ipo, ila haina rangi za kutisha. Ni ule utabiri wa msimu, wenye maneno yasiyomsisimua mtu: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani. Hausambazwi sana kwenye makundi. Utabiri wa vuli hutolewa kuelekea mwisho wa Agosti, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Mtaani kwetu mitaro husafishwa Novemba, maji yakishasimama mbele ya duka la Mangi, na kijana wa bodaboda akishalazimika kuzungukia njia ya msikitini.